Mshono wa Pili Nyuma ya Masega

...au ni ukaidi wangu tu, maana nimegonga mara tatu na mara tatu jibu ni lile lile, hapa mbele masega ya ekzosi, yale ya kusafishia moshi, yanajibu dup, zito, la kushiba, jibu la kitu kizima, halafu nikihamisha nyundo shubiri moja kwenda nyuma, kwenye bomba, linajibu ti-ling, kuna kitu kidogo kinacheza humo ndani, chembamba, cha bati, na mimi nimelala chali juu ya boksi la friji, kutu imenidondokea kwenye kope, najiambia hapana, gonga tena, labda ni bati la kukinga joto limelegea, labda ni nati, labda ni masikio yangu, miaka arobaini na saba si mchezo, gonga tena... ti-ling. "Nikanyage?" anauliza baba kutoka juu, kwenye usukani, sauti yake inapita kwenye sakafu ya gari na kunifikia imepungua nusu. "Bado, baba." "Nikanyage?" "Bado! Nimesema bado, tulia kwanza," na hapo hapo naisikia sauti yangu ilivyo kali, najilaumu, mzee wa watu amekaa pale tangu saa tatu, mkono mmoja kwenye gia, mguu tayari juu ya mafuta, ananisubiri nimpe amri, yeye aliyenifundisha kutoa amri zenyewe, kanyaga, achia, kanyaga nusu, shikilia hapo hapo, zima, na enzi hizo mimi ndiye niliyekuwa juu, miguu haifiki, nimekalia mto wa kochi, namsikia yeye chini akicheka, "we mtoto, hilo gari si punda, usiliendeshe kwa kulikemea." Nyuma huko viatu vya kaka vinatembea hatua mbili mbele, hatua mbili nyuma, kutoka hapa chini simwoni mtu, naona viatu na upindo wa suruali ya ofisini, yuko kwenye simu na mkewe, "...ndiyo, Jumamosi... hapana, watoto walale pamoja, kwani kuna ubaya gani... godoro lipo, kitanda nitatafuta," na nataka nisisikie lakini chini ya gari kila kitu kinasikika, hata usichokitaka.

Kwa sababu aliyasema asubuhi, na aliyasema wazi, kaka si mtu wa kuzungukazunguka, alishuka kwenye gari lake akasimama hapo uwanjani kabla hata ya chai, "mdogo wangu, mimi nataka jibu moja tu, ni gari au ni mzee? Kama ni gari, litengeneze, mzee aendelee na gereji yake, sitatia neno tena. Kama ni mzee, Jumamosi nampeleka kwangu, na habari ya kuendesha na kuchomelea iishe," na baba alikuwa amesimama hapo hapo katikati yetu, ameshika kikombe, anatutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayesikiliza habari za jirani, na mimi nikajibu, "sawa, nitakuambia," badala ya kusema mwulize mwenyewe, yupo hapa, ana masikio... lakini siwezi kumlaumu kaka, wanawe wawili walikuwemo humu wiki iliyopita, gari hili, Shangazi tunaliita, lilipoanza kukabwa kwenye mlima wa tangi la maji, likapoteza nguvu, likazima kabisa, likaanza kurudi kinyumenyume na lori liko nyuma, baba akageuza usukani tairi likagonga ukingo wa barabara na gari likasimama, mkono wa fundi huo, mwingine angewaua, nilisema hivyo, na kaka akanijibu mwingine asingelipandisha gari bovu mlimani na watoto ndani, yule mdogo alitoka na nundu kwenye paji la uso, ukubwa wa limau, akawa anaionyesha kwa kila mtu kwa majivuno, na kaka hakucheka. Sikucheka na mimi. Usiku ule nilikesha.

Haya, tulia, fanya kazi ulivyofundishwa, anza mwanzo, usiruke hatua... nimeanza mwanzo, sijaruka hata moja. Nimelegeza nati tatu za mbele, kabla ya masega, moshi ukatokea hapo, nikamwambia baba akanyage, na Shangazi akavuta pumzi, akanguruma vile alivyokuwa akinguruma zamani, mpaka mzee akapiga kelele huko juu, "umesikia hiyo? Umesikia?" kwa furaha, nikakaza nati, akakanyaga tena, na gari likapanda, likapanda, halafu likakabwa, sauti ikafa katikati, basi injini haina kosa, kizuizi kiko mbele ya safari, huko moshi unakokwenda. Nikachukua chupa ya maji, nikarusha matone kwenye bomba la kuingilia masega, yakalia chss, nikarusha kwenye la kutokea, yakalia kwa hasira zaidi, yakaruka, maana yake nyuma kuna joto kuliko mbele, maana yake masega yako hai, yanaunguza uchafu yanavyotakiwa, kipimo hicho ni cha baba, hajawahi kununua kingine, "ndani humu, mama, mna sega la nyuki wasiokuwepo," alikuwa akiniambia, mama ananiita mimi, tangu nizaliwe ananiita mama, "matundu matundu, moshi mchafu unaingia, unatoka umenawa uso," na aliligeuza sega bovu mkononi ili nilitazame juani, nikaona mwanga unapita kwenye matundu elfu moja, nikafikiri hakuna kitu kizuri kuliko hicho duniani, nikakiweka chini ya mto wangu na marehemu mama akanichapa kwa kuchafua shuka. Mafundi wengine wote walikuwa wakiyabomoa, gari likikosa nguvu tu wanayapasua masega kwa nondo, wanamwaga vipande, wanafunga bomba tupu, "sasa linapumua, mzee!" na baba alikuwa hawezi kulivumilia hilo, anawaita wachinjaji, anasema gari limekuambia linaumwa koo, wewe unalikata ulimi... na wateja walikuwa wanamcheka, halafu wanarudi.

"Mama, nikanyage?" "Ngoja kidogo, baba." Safari hii nimesema kwa upole. Kanikumbusha tulivyokuwa tukisafiri wote humu, gari hili hili, mlango wake wa pembeni wa kusukuma ulikuwa na rangi bado, mama mbele na chupa ya chai katikati ya magoti, mimi na kaka nyuma katikati ya mabomba na mtungi wa gesi, tunakwenda kuchomelea geti la mtu, au basi la shule lililokatika ekzosi, na ni mama aliyempa gari jina, alisema huyu ni shangazi yenu, anaingia na makelele tangu barabarani, na akifika lazima nyumba nzima itoke nje kupokea mizigo. Jina likabaki. Na tukifika kwenye ule mteremko mrefu, baba alikuwa anaachia mafuta, analiacha gari lijiteremkie lenyewe, anasema "nyamazeni, tumsikilize mgonjwa," na sote tunanyamaza, hata mama anaacha kumimina chai, Shangazi anateremka kimya, upepo tu na tairi, halafu pale chini baba anauliza mmoja mmoja, "wewe umesikia nini?" na kaka siku zote anasema hajasikia kitu, kwa kuwa alikuwa na kitabu na vidole masikioni, na mimi nasema nimesikia ngo-ngo-ngo kulia, na mama anasema si kulia, ni kushoto, na si ngo-ngo, ni kla-kla, na ndivyo inavyokuwa, mama alikuwa na sikio kuliko sisi wote, baba alikuwa anafungua anakuta kitu kushoto, kinasema kla-kla, anarudi anatikisa kichwa, "mke wangu ulikosea kazi"... Mungu amrehemu, angekuwepo leo ningemwita aweke sikio hapa, aniambie si bati. Angeniambia ni bati. Hakuwa mtu wa kukufurahisha bure.

Ni bati. Naijua hiyo sauti, sote tuliokulia kwenye gereji hii tunaijua, ni kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, lile kopo dogo, maana baba kila siku ya maisha yake amekuja kazini na ovaroli lenye grisi na viatu vinavyong'aa, anasema mteja akikutazama usoni unaweza kumdanganya, lakini akikutazama miguuni anajua wewe ni nani, na makopo hayatupwi, vifuniko vinabaki, kwa ile kazi yake ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Ukichomelea bomba nyuma ya masega cheche zinaruka kwa ndani, zinaingia kwenye matundu, zinaganda, umetengeneza bomba umeua masega, kwa hiyo yeye anasimamisha kifuniko ndani ya bomba, mlango mdogo, kinakaa pale kinapokea cheche, na kifuniko kina mkia, waya mrefu unaopita ndani ya bomba mpaka nje kwa upande wa pili, ukimaliza mshono wa kwanza unavuta mkia, kifuniko kinatoka, ndipo unaunga upande wa pili na sailensa. Mshono wa kwanza, vuta mkia, mshono wa pili. Nimeyasema hayo usingizini. Hakuna mtu mwingine yeyote anayeweza kusahau kifuniko cha rangi ya viatu ndani ya ekzosi, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayekiweka... na kikisahaulika kinafanya nini, kinafanya hivi hivi, gari likitembea polepole mjini moshi mdogo unapita pembeni yake na kinacheza tu, ti-ling ti-ling, ukikanyaga kwa nguvu, mlimani, moshi unakisukuma, kinasimama, kinaziba, na gari linakufa na watoto ndani.

Hebu tochi. Pangusa kutu. Hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu mshono wa kwanza ni wake, ule ule, vipete vidogo vimelaliana sawasawa kuzunguka bomba zima, ukipitisha kidole unahesabu, watu walikuwa wanaleta mafundi wao waje kuuona, na nasogeza tochi kwenye mshono wa pili, nao unaanza vizuri, vipete vitano, sita, halafu unatangatanga, unapanda juu ya bomba, unarudi, unaacha tone kubwa, unaruka nafasi, unarudi kuiziba, na hapo katikati ya tone, jamani, waya. Kipande cha waya, urefu wa ukucha, kimetoka kwenye mshono kimeinama, ameuchomelea mkia ndani. Aliuona, lazima aliuona, uko upande wa uso wake, akachomelea juu yake... au hakuuona, au aliuona na hakujua ni nini, na hicho ndicho kinachonitisha, si kusahau, kila mtu anasahau, mimi nimewahi kuweka simu kwenye friji, lakini kuutazama waya wako mwenyewe, kazi ya karibu miaka thelathini, usijue unakuambia nini.

"Vipi huko, kuna jipya?" hiyo ni sauti ya kaka, viatu vimesimama karibu na bampa la nyuma, ameziba simu kwa kiganja. "Bado natazama." "Unatazama saa nzima sasa." "Kaka, ukiwa na haraka njoo ulale hapa nikupe nafasi," na anaguna, anarudi kwenye simu, suruali yake haiwezi kulala hapa na yeye pia anajua. Angalau nimepata dakika. Angalau najua ni lini. Ilikuwa ile wiki niliyolazwa, ile ya upasuaji, miezi mitatu sasa, bomba lilikuwa limeoza nyuma ya masega na Shangazi alikuwa anapiga kelele mtaa mzima, nikamwambia baba usiguse, nitafanya nikitoka, nikatoka nikamkuta getini pale hospitali, ameegesha, amevaa shati la kutokea, gari liko kimya kabisa, na akaniambia kwa kunong'ona kana kwamba kuna mtu amelala, "nimelitengeneza, nisije kukupokea kwa makelele." Nililia ndani ya gari. Nilimwambia ni maumivu ya mshono wangu, akasema basi tutatembea polepole, na tulitembea polepole njia nzima, na sasa nikikumbuka, ee Mungu, na sasa nikikumbuka nilisikia. Pale kwenye kona ya kiwanda cha mbao, gari linanguruma taratibu, kulikuwa na ti-ling. Nilisikia ti-ling nikasema ni chupa imeviringika nyuma. Ni mimi huyu, mwenye sikio la mama yake, nilisikia nikajidanganya, na nimejidanganya miezi mitatu, alipomimina chai juu ya chai mpaka ikafurika nikasema anawaza, aliponiita kwa jina la marehemu mama mbele ya mteja nikafanya mzaha, "mzee leo umeniona mrembo," mteja akacheka, baba akacheka, wote tukacheka, aliponiuliza mara tatu kwa saa moja kama kaka ameshakula nikamjibu mara tatu kana kwamba ni mara ya kwanza, nikajisifu kwa uvumilivu wangu. Uvumilivu gani. Ni woga.

Haya, sasa, haraka, fikiri. Niseme masega yamezeeka. Nani atapinga? Kaka hawezi kutofautisha sailensa na bomba la maji, masega huzeeka, gari lina miaka kuliko wanawe wote wakijumlishwa, nasema masega yamekufa, kaka, ni gari, si mzee, nalikata hili bomba mchana huu, nalitupa na kifuniko chake kwenye vyuma chakavu, naweka jipya kwa mkono wangu, kaka anarudi kwake na godoro lake, baba anabaki hapa, kesho asubuhi anavaa viatu vyake anafungua geti la gereji, na kesho kutwa anachomelea gari la mtu mwingine, lenye watoto wa mtu mwingine. Hapana. Basi niseme ni mkono wangu, niseme kazi hii niliifanya mimi baada ya kutoka hospitali, nilikuwa bado mgonjwa, dawa zilinilevya, nikasahau, kaka atanifokea, nitafokewa, nimeshazoea, atasema nyie gereji nzima vichwa vyenu vimejaa moshi, halafu atatulia, na baba... baba atasikia nasema ni mimi. Atanitazama. Au niseme kuna fundi wa mtaani alikuja wakati sipo, uongo wa tatu huo, ona unavyokuja wenyewe, mara tatu kwa dakika moja, na mimi ambaye huwaambia wateja ukweli mpaka wananuna.

"...hapana, si kwamba simwamini, ila yeye na mzee ni kitu kimoja, ataficha tu," anasema kaka kwenye simu, polepole, akidhani sisikii, na inanichoma, inanichoma kwa sababu ni kweli, na ghafla nataka kumpiga kwa spana kwenye kifundo cha mguu, kiko karibu, kiatu safi, soksi ya mistari, alikuwa na miguu hiyo hiyo alipokuwa akinibeba mgongoni kuvuka tope kwenda shule ili viatu vyangu visichafuke, maana baba angeuliza. Simchukii. Anaogopa, na mimi naogopa, tofauti ni kwamba yeye ana chumba cha kumwekea baba, ghorofa ya tatu, kiti, televisheni, dirisha linalotazama dirisha, na mimi nina uongo wa aina tatu, na sote wawili tumeamua mambo ya mtu aliyekaa hapo juu akingoja kuambiwa kanyaga.

Maana mimi niliwahi kufanya kosa hili. Si kosa kama hili, hili hili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, gari la dereva wa teksi mmoja mwenye mdomo mchafu, vifuniko wakati huo havikuwa na mikia, ulikuwa unakumbuka tu, na mimi sikukumbuka, nilikuwa na mambo yangu kichwani, kulikuwa na kijana fulani, haya basi, na teksi ikarudi siku ya nne inakufa kwenye kila mlima. Baba aliingia chini yake peke yake. Alikaa muda. Akatoka, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, dereva anapayuka pembeni, na baba hakumjibu dereva, alinijia mimi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "njoo, kuna kazi ya mtu humu chini, nataka uione kabla sijasema na yeyote." Tukalala bega kwa bega. Akagonga. Ti-ling. Akagonga tena akaniachia niseme, akasubiri, na nilijua sekunde ile ile lakini nilinyamaza, nikaomba nyundo imvunjikie mkononi, nikaomba anibebee, aseme ni mimi, yeye ni mzee wa kazi, jina lake lingestahimili, na hakunibebea. Alisubiri mpaka niliposema, "ni yangu, baba." Ndipo akasema, "haya. Sasa mwenye gari tumwambie nini?" Tumwambie. Akaniuliza mimi. Nikatoka nikamwambia dereva kwa mdomo wangu, akautukana ukoo mzima mpaka babu asiyemjua, na baba alisimama pembeni yangu, mikono nyuma, hakuongeza neno, hakupunguza. Nilimchukia siku mbili nzima. Siku ya tatu nilimkuta ameketi kwenye ngazi na msumari na makopo yake yote, anatoboa vifuniko, anavitia mikia, akaniambia kukumbuka ni kazi ya kichwa, na kichwa kina siku zake, tuupe waya kazi hiyo.

Angenibebea angekuwa amenipenda, nilifikiri hivyo wakati ule. Hapana, angenibebea angekuwa amesema mimi si fundi, ni mtoto aliyekuja kucheza gereji. Na mimi sasa nataka kumbebea. Uongo wangu wote huo ni mto wa kochi wa kumkalishia. Na kaka naye na chumba chake ni hivyo hivyo, tumeshamtoa kwenye ufundi sote wawili, yeye kwa ukweli, mimi kwa uongo, hakuna aliyemgongea bomba akamsubiri... na kwa nini, kwa nini sitaki kumgongea, sema, uko peke yako chini ya gari, sema. Sitaki kwa sababu akisema "ni yangu" itakuwa kweli. Sikuwa namlinda baba. Ni mimi, asubuhi ya Jumatatu, nifungue geti peke yangu, nilale chini ya gari la mtu, nipaze sauti kanyaga, na juu kusiwe na mtu wa kuniuliza mara tatu. Naogopa hilo kuliko mlima wa tangi la maji. Nimelisema. Machozi yameteremkia masikioni, ndivyo yanavyokwenda ukilia chali, yanawasha, na siwezi kuyafuta, glavu zimejaa masizi.

Hajui nini kimempata, labda. Labda anajua. Labda amekuwa akijua miezi mitatu, na anangoja mmoja wetu awe na adabu ya kumwonyesha. Anaweza kuutazama waya na kusema ni wa nani huu, nikalazimika kumwambia, nikavunjika moyo. Anaweza kuutazama akanyamaza, akafuta vidole kimoja kimoja, akaamua jambo ambalo si la kaka na si langu, kwamba ataacha kuchomelea na kubaki anasikiliza, au anakwenda ghorofa ya tatu, au anafukuza wote uwanjani kwake, sijui, na si kazi yangu kujua kabla yake. Kaka atangoja. Amengoja asubuhi nzima, hatakufa kwa robo saa. Mkono uliofanya kazi ndio unaoonyeshwa kwanza, kisha mwenye gari, kisha watu wengine wote na simu zao, na safari hii fundi na mwenye gari ni mtu mmoja.

"Mama, nikanyage?"

Naweka nyundo chini. "Hapana, baba. Zima gari ushuke. Kuna kazi ya mtu humu chini, nataka uione kabla sijasema na yeyote."

Kaka ameacha kuongea, viatu vimegeuka, ncha zinanitazama, "mmepata nini?" Juu hakuna kinachosogea. Hajazima. Nayahesabu mapigo ya injini, polepole, kumi, ishirini, na najua anayajua maneno hayo, ni ya kwake, hajawahi kuyasema kwa mtu ila kwa sababu moja tu.

"Kazi ya nani?" anauliza baba.

Sauti haijapungua safari hii, imenifikia yote.

"Yako, baba," nasema, na injini bado inanguruma, na kaka amesimama pale pale, na mimi nangoja, tochi nimeielekeza kwenye mshono.